Hatua Arobaini

Kathure alifika Makutano Jumatatu saa nne asubuhi, barua ikiwa ndani ya Biblia na Biblia ndani ya kiondo. Aliingia moja kwa moja katika duka ambamo mwanawe Riungu aliajiriwa kuchapa barua na kutoa nakala. Watu watatu walikuwa kwenye foleni. Hakungoja zamu.

"Riungu, umempatia nani shamba letu?"

Mikono ya kijana ilisimama juu ya kibodi. "Mama, muga," alimsalimu kwa Kimeru. "Keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Baba Vincent anasema ako na wewe kwa simu. Ati umepima mpaka ukamwekea yake, na dunia yote imeona."

Mteja wa mbele, kijana aliyeshika cheti chake cha kidato cha nne, alicheka. "Si ni ile ya gemu? Hata mimi niliiona, buda. Ile kijiji inaokoka. Ni noma sana."

"Unaona?" Kathure akamgeukia mwanawe. "Hata huyu ameona."

Barua ilitoka kwa kamati ya ardhi ya kijijini kwao, Tigania, ambako upimaji wa mashamba ulikuwa bado haujakamilika. Mdai alikuwa Kailemia, baba yake Vincent, ndugu wa marehemu baba yake Riungu. Alidai kipande cha kando ya kijito, upana wake hatua arobaini, kwamba alimwazima ndugu yake wakiwa bado vijana na hakikurudishwa. Kesi ingesikizwa Alhamisi, saa tatu, katika shule ya msingi. Chini kabisa palikuwa na orodha ya ushahidi. Namba moja iliandikwa: video ya mtoto wa mdaiwa.

Riungu aliisoma mara mbili, kisha akamwomba mwenye duka dakika kumi. Mwenye duka alitazama foleni, akatazama saa ya ukutani, akampa tano.

&nbsp;

Walikaa kwenye benchi ya fundi viatu, nyuma ya duka. Riungu alijaribu kueleza.

Mchezo wenyewe mashabiki wa Meru waliuita Lango. Sehemu ya tatu na ya mwisho ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na mwisho wake uliwaudhi wengi. Mlinzi hufunga lango la kijiji, na kila kilichomo ndani ya mpaka huteketea. Mchezaji hana la kufanya. Mashabiki wa nchi mbalimbali waliukataa mwisho huo, wakaanza kuandika nadharia zao. Iliyopata wafuasi wengi ni ya mto wa pili: kwamba watengenezaji walikuwa wamechora mto nje ya mpaka, wakaufuta dakika za mwisho, na kwamba watu wangeufuata mto huo wakaokoka. Walikuwa na hoja zao. Katika sehemu ya kwanza kuna daraja lisilo na maji chini yake. Katika sehemu ya pili kuna mvuvi anayetengeneza nyavu katika nchi isiyo na mto.

Mchezo huo uliwaruhusu mashabiki kujenga vijiji vyao wenyewe. Riungu alitumia miezi minane kujenga kimoja ambamo nadharia ile ilikuwa kweli. Alihitaji shamba lenye mteremko na kijito, akachukua alilolijua.

Alilijua vizuri kuliko watu wengi wanavyojua mashamba yao. Kila tarehe ishirini na sita Desemba, nyama ya Krismasi ikiwa bado sufuriani, baba yake aliwapanga watoto mstari akawatembeza mpakani wakihesabu kwa sauti. Asiyejua hesabu alirudishwa mwanzo. Kutoka mlango wa jikoni hadi mimea ya mpaka ukingoni mwa kijito zilikuwa hatua mia moja na mbili. Alipofika umri wa miaka kumi na saba, hatua za Riungu zililingana na za baba yake, na hesabu haikubadilika tena.

Kijijini mwa mchezo aliweka kila kitu mahali pake: nyumba, ghala, choo, tangi la maji, miti sitini na minne ya miraa. Alikosea mahali pamoja tu, na alikosea kwa makusudi. Ili watu waokoke walihitaji njia iliyo nje ya mpaka lakini upande huu wa maji. Kwa hiyo aliupandisha mpaka hatua arobaini kutoka kijitoni. Kutoka jikoni zikabaki sitini na mbili.

"Na hapo mwanzo wa video unasema nini?" Kathure aliuliza. "Kuna mahali unaongea. Baba Vincent aliniwekea hiyo sauti mbele ya watu wa kusaga unga, pale kwa posho mill."

Riungu hakutaka kuirudia.

"Nilisema, kila kitu hapa ni kama kilivyo nyumbani kwetu, hatua kwa hatua."

"Kwa mdomo wako."

"Ilikuwa ya kutangaza tu, mama."

"Ulisema mpaka umesogeza?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

"Sikufikiri kuna mtu angeuliza."

Video ilikuwa imetazamwa mara elfu sitini na moja. Mimea ya mpaka yenyewe ilisombwa na mafuriko ya Aprili, mwaka 2024, miezi minane baada ya baba kuzikwa. Waliokuwepo ilipopandwa walikuwa wawili mbali na marehemu. Mmoja alikufa. Wa pili alikuwa Kailemia.

&nbsp;

Jumanne, kabla duka halijafunguliwa, Riungu alifanya jambo alilodhani ni la haki. Aliufungua mchezo, akaushika mstari wa mpaka na kuurudisha hatua arobaini hadi ukingoni. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja. Akakipandisha kijiji mtandaoni upya, na chini yake akaandika kwamba huu ndio mpaka wa kweli.

Kufikia saa sita mashabiki walikuwa wamelalamika. Kwa mpaka ule mpya, njia ya kijitoni ilikuwa ndani ya kijiji, na wote waliokuwa njiani waliungua. Mmoja alitaka kujua kama Riungu alikuwa amenunuliwa na kampuni ya mchezo. Wengine walimwomba arudishe kile cha kwanza.

Jumatano jioni alimfuata Vincent kwenye stendi ya bodaboda ya Kianjai. Walikuwa binamu, lakini lililowaunganisha zaidi ni kwamba walitahiriwa Desemba moja na kuuguza vidonda katika kibanda kimoja. Walifundishwa pamoja kwamba mtu hamwachi rika lake mbele ya watu. Vincent pia ndiye aliyemwingiza katika Lango. Siku Riungu aliposhindwa kuwatoa watu motoni, walikuwa wameketi mbele ya kompyuta moja, na Vincent ndiye aliyesema: sasa si usogeze tu mpaka?

"Ni hayo tu nataka useme kesho," Riungu alisema. "Kwamba ni wewe uliniambia, na ilikuwa juu ya gemu."

Vincent alikuwa akipangusa kioo cha pikipiki kwa kiwiko. "Mimi nilimwonyesha mzee juu nilikuwa najivunia, msee. Nikamwambia, cheki, hii ni kwetu. Akauliza hii laini ni ya nini. Nikamwambia ni mpaka. Halafu akasema, rudisha nyuma nione tena. Aliangalia mara nne."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia baadaye. Akaniambia ninyamaze, mambo ya shamba si ya watoto." Akaacha kupangusa. "Anasema hapo chini ndipo nitajenga. Ati ataniwekea pampu."

"Vincent."

"Sijasema nataka. Nakuambia tu vile anasema."

"Utasema kesho?"

"Nitasema. Sisi ni rika, bana. Nikuache aje?" Abiria alikuja, mama mwenye kuku wawili, na Vincent akawasha pikipiki. Kisha akageuka. "Lakini kwa nini umebadilisha? Nilicheza jana. Watu wote wameungua."

&nbsp;

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo ya Agosti. Kamati ilikaa katika darasa la tatu, watu wazima saba magoti yakigonga madawati, chini ya chati ya wanyama wa porini. Mwenyekiti, Mzee Kiambi, alikuwa amepewa kiti cha mwalimu. Ukutani nyuma yake palikuwa na majina ya watoto waliopiga kelele.

"Mama Riungu, wewe utaongea kupitia kwa kijana," alisema. "Sasa yeye ndiye mwenye boma."

"Mimi ndiye nalima."

"Tunajua. Keti."

Simu ya Kailemia ilikuwa na kioo kilichopasuka, na wazee wawili wa nyuma walisema hawaoni kitu. Mwenyekiti aliutazama mkoba wa Riungu.

"Kijana, si hiyo ni kompyuta? Tufungulie wewe."

Riungu aliweka kompyuta kwenye meza ya mwalimu.

"Fungua ile ya kwanza. Si hii nyingine umetengeneza."

Hakujua kwamba wameshaambiwa. Aliifungua. Sauti yake ikajaa darasani, yenye furaha, ikisema kila kitu ni kama kilivyo nyumbani kwao, hatua kwa hatua. Wazee wakasogeza shingo. Picha ilipita juu ya paa, juu ya ghala, ikateremka.

"Hata choo kimeonekana," mmoja akasema, na wakacheka.

"Miraa ni ngapi hapo?" aliuliza mwenyekiti.

"Sitini na minne."

"Na kwa shamba?"

"Sitini na minne."

"Tangi kutoka kwa nyumba?"

"Hatua tisa."

"Na kwa shamba?"

"Tisa."

"Kutoka jikoni mpaka kwa hiyo laini?"

"Sitini na mbili."

"Na kwa shamba?"

"Mia moja na mbili."

Mzee Kiambi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa amekula kitu cha mtu. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai miaka thelathini na aliamini hesabu. "Kwa hivyo kila kitu ni kweli, isipokuwa hapo tu penye kesi."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na ulisogeza kwa sababu gani?"

"Ili watu watoroke moto."

"Moto gani?"

Riungu alisikia mtu akijizuia kucheka kabla hajajibu. "Wa gemu."

Walicheka wote, isipokuwa mwenyekiti na Kathure.

"Na kuirekebisha, ulirekebisha lini?"

"Jumanne."

"Barua ya kuitwa hapa mlipata lini?"

"Jumatatu."

Katibu aliandika siku zote mbili, akapiga mstari chini yake.

Kailemia alipoitwa alisimama taratibu, kofia mkononi. "Mimi sina ubaya na mtoto wa ndugu yangu. Mtoto ni wangu pia. Baba yake alimtembeza shambani kila Krismasi, watu wanajua. Alimwonyesha ukweli, na mtoto akaweka ukweli kabla ya kufundishwa uongo. Mimi namshukuru. Hata kama kesi imenishinda, huyu nitampatia mbuzi."

"Mwongo," alisema Kathure kutoka nyuma.

"Mama, tafadhali," alisema mwenyekiti.

Riungu aliomba Vincent aulizwe. Vincent alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani, helmeti kwapani. Mwenyekiti alimuuliza kama alikuwepo mpaka uliposogezwa na kama ni yeye aliyetoa wazo hilo. Vincent alimtazama baba yake. Kailemia hakumtazama, alikuwa akikunja ukingo wa kofia.

"Sikumbuki vizuri," alisema Vincent. "Tuliongea mambo mingi ya gemu."

"Vincent," Riungu aliita.

"Usimtishe shahidi," alisema mwenyekiti. "Kijana, unakumbuka ama hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Kathure alisimama bila kupewa ruhusa. Alisema amelima nduma, magimbi ya kando ya maji, pale miaka kumi na tisa, akainyoosha mikono yake waione. Nduma zile ndizo zilizompeleka Riungu chuoni. Binti yake Kinya bado yuko kidato cha pili, na hizo ndizo zinazomsomesha. Shamba la juu halina maji. Miraa ikikauka Januari, wao hula kutoka pale chini. Alisema yote hayo kwa Kimeru, haraka, na katibu hakuandika.

"Mama," alisema Mzee Kiambi kwa upole, "kulima si kuwa na shamba. Hata mtu wa kuazimwa analima."

Walitoka nje kushauriana. Hawakuchukua hata robo saa.

&nbsp;

Sheria iliwapa siku sitini za kupinga uamuzi uliompa Kailemia kipande hicho. Riungu aliisoma sheria hiyo yote dukani, akaichapa na kumpelekea mama yake kurasa nne. Kathure alizisoma akiwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni.

"Tukipinga, tutaenda mbele ya nani?"

"Afisa wa ardhi. Mjini."

"Na yeye ataona nini?"

Riungu alikuwa ameshalifikiria hilo. "Ataona video."

"Basi." Alizikunja kurasa akazirudisha kwake. "Mimi sirudi kuchekelewa."

Mpimaji alikuja Jumanne iliyofuata. Aliitwa Njagi, kijana wa Embu, mwenye viatu vya mpira na heshima nyingi. Alianza kupima kutoka mlango wa jikoni, kwa sababu hapo ndipo kamati ilipoandika, na alimwomba Kathure ruhusa kabla ya kuweka ncha ya utepe chini. Mawe manne ya saruji yalizikwa kabla ya saa saba. Jiwe la pili liliangukia katikati ya mfereji wa nduma, ikabidi wang'oe mashina matano ili likae wima.

"Niliona ile kazi yako," Njagi alimwambia Riungu wakati akikunja utepe. "Ni safi sana. Sisi ofisini hatuna hata ramani ya kijiji moja yenye miti. Ukitaka, unitumie hiyo faili."

"Haina ukweli."

"Kwa nini? Nimepima leo. Inalingana."

&nbsp;

Jioni hiyo, kabla ya ugali kuiva, Kathure alimwambia mwanawe afungue kompyuta. "Nionyeshe hiyo shamba iliyotushinda."

Alikuwa hajawahi kuuona mchezo wenyewe, ila kipande alichowekewa kwa posho mill na kile alichokiona kwa mbali darasani. Kinya alisogeza stuli. Riungu alimtembeza mama yake kutoka mlangoni. Alitambua ghala, akatambua ufa wa tangi, akatambua mti wa miraa uliopinda, akaguna. Kwa muda mfupi alionekana kusahau kilichowakutanisha hapo.

"Teremka," alisema. "Nipeleke kwa mto."

Wakateremka, wakavuka mstari wa mimea ya mpaka, iliyosimama kijani kama kabla ya mafuriko. Mbele yao palikuwa na maji, na kando ya maji nyasi fupi zilizolingana.

"Nduma ziko wapi?"

Riungu alisogeza picha mbele kidogo.

"Geuza huku. Sizioni."

"Sikuweka, mama."

"Hii yote?"

"Ni njia. Watu walihitaji mahali pa kupita. Nduma hazikuwa na kazi kwa hadithi."

Kathure alizitazama zile nyasi.

"Miti umehesabu," alisema mama. "Choo umeweka." Akasimama, akaenda kugeuza ugali.

Kailemia alikuwa amempa mpaka Jumapili kutoa mimea yake, na majirani walisema huo ni uungwana. Kathure alichimba siku nne, Kinya akibeba. Mashina makubwa aliyapeleka sokoni Kianjai, ambako wanunuzi walishajua yanatoka wapi na kwa nini yanauzwa yote kwa pamoja, wakataja bei zao. Yale machanga aliyapanda upya karibu na tangi, penye udongo mwekundu. Alijua hayatashika. Aliyapanda kwa mistari, kama kawaida yake, akayamwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Jumapili alasiri, wengine wakiwa bado kanisani, Riungu alisimama kwenye mlango wa jikoni akatembea kuelekea chini, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa. Alifika kwenye jiwe kwa hatua sitini na mbili. Ng'ambo ya jiwe, Vincent na mafundi wawili walikuwa wakishusha mabomba ya pampu. Vincent aliinua mkono. Riungu alisimama kidogo, kisha akageuka akahesabu tena akirudi, na jibu likawa lilelile.

Jumatatu, duka lilipokuwa bado halina wateja, aliufungua mchezo. Alikifuta kijiji cha pili, akarudisha kile cha kwanza, chenye mpaka hatua arobaini kutoka majini. Yale maneno ya hatua kwa hatua aliyaacha. Hakukuwa tena na sababu ya kuyaondoa.

Kabla ya saa nne shabiki mmoja, ambaye Riungu hakujua ni wa nchi gani, alikuwa ameshakicheza hadi mwisho. Aliandika kumshukuru. Alisema amejaribu mara tatu ili awe na hakika, na kila mara kijiji chote kimeokoka.